Kina Si Kiasi

Ukishuka kutoka katikati ya mji wa Moshi kuelekea kusini, unafika mahali ambapo Mlima Kilimanjaro unaishia. Baiskeli iliyokuwa ikiserereka yenyewe tangu mjini inaanza kudai kukanyagwa, na mbele yako ardhi inalala hadi Mabogini, Chekereni na mashamba ya mpunga yaliyo mbele zaidi. Pasua iko kwenye ukingo huo. Ni kata ya mjini yenye soko lake na nyumba zilizobanana, lakini nyumba nyingi zina mtu anayelima mahali fulani, juu au chini. Nililelewa hapo miaka ya 1990, na tangu utotoni nilisikia maji yakizungumzwa kama watu wengine wanavyozungumzia mirathi.

Ukoo wetu ulikuwa umetawanyika kufuata mteremko. Bibi mzaa baba alibaki juu mlimani, Uru, kwenye kihamba chenye migomba, kahawa na magimbi, kilichonyweshwa na mfongo, yaani mfereji uliochimbwa na wazee kabla yeye hajazaliwa. Baba mdogo alikuwa chini, Rau ya Kati, akilima mpunga katika skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi. Sisi wa Pasua tulikuwa katikati. Ndizi zilitushukia kutoka juu, mchele ulitupandia kutoka chini, na malalamiko yalitufikia kutoka pande zote mbili. Mto uliokuwa ukilalamikiwa ulikuwa mmoja, Rau.

Baba mdogo alisema watu wa juu wanamaliza maji. Alikuwa amechomeka kijiti pembeni ya mfereji, amekitia alama kwa kisu, na kila alipokwenda kwenye zamu yake alikitazama kwanza hicho. Maji yakigusa alama ya juu alirudi nyumbani amechangamka. Yakishuka chini yake, lawama zilipanda hadi Uru. Bibi naye, siku alipokuja kututembelea akapelekwa kuona mpunga, alisimama kando ya mfereji wa skimu, akatazama maji yaliyojaa, akamgeukia mwanawe. "Mwanangu, maji yote haya na bado mnatusema? Kwetu hayafuniki hata kifundo cha mguu." Baba mdogo akamjibu kwa upole, "Mama, njoo mwezi wa kumi uone."

Kila mmoja alisema alichokiona. Walichokuwa wakikigombania, hata hivyo, hakikuonekana kwa macho, na hilo nilikuja kulielewa miaka mingi baadaye, nikiwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikisomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa rasilimali za maji.

Katika shahada ya kwanza mwanafunzi anashinda na mabomba. Maji ndani ya bomba lililojaa hayana uhuru. Umbo lao ni umbo la bomba, na kinachobaki kuhesabiwa ni shinikizo na mwendo. Uzamili ulinipeleka kwenye maji yenye uso wazi, yale ya mto, mfongo, mtaro na mfereji wa skimu. Hapo maji yenyewe yanajipangia kina chake kulingana na mteremko, upana, ukwaruzo wa kuta na kilicho mbele yake. Vitabu vilivyotuongoza vilikuwa viwili vikubwa: cha Ven Te Chow kilichochapishwa 1959, na cha F. M. Henderson cha 1966. Ni vitabu vizito, vyenye milinganyo mingi, lakini msingi wake unaandikika kwa sentensi moja: kiasi cha maji yanayopita kwa sekunde ni eneo la mkato wa maji mara mwendo wake. Kijiti cha baba mdogo kilimpa kina tu. Mwendo kilikuwa hakiujui.

Nililiona jambo hilo kwa macho maabara, kwenye mfereji mrefu wenye kuta za kioo. Mwalimu wetu alifungulia pampu, akashusha geti katikati ya mfereji, akaacha nafasi nyembamba chini yake. Nyuma ya geti maji yalipanda yakatulia. Mbele ya geti yalitoka membamba, yanang'aa, yanakwenda mbio. Kisha akatuuliza upande upi una maji mengi zaidi. Jibu lake liko katika hesabu ambayo kila mwanafunzi wa somo hili huifanya. Kama nyuma ya geti kina ni sentimita 30 na mbele yake ni sentimita 5, maji ya nyuma yanatembea kama sentimita 37 kwa sekunde na ya mbele zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Kiasi ni kile kile. Hata nishati, ikipimwa kutoka sakafu ya mfereji, ni ile ile: nyuma imehifadhiwa katika kina, mbele imegeuzwa kuwa mwendo. Boris Bakhmeteff, mhandisi wa Urusi aliyehamia Marekani baadaye, ndiye aliyeitambulisha namna hii ya kuhesabu nishati mnamo 1912, na kutokana nayo tunajua kwamba kiasi kimoja cha maji, kwa nishati moja, kinaweza kupita katika mfereji mmoja kwa vina viwili tofauti.

Mwalimu akainua kizingiti kidogo mwishoni mwa mfereji. Yale maji membamba yalipokutana na maji yaliyorudishwa nyuma, yaliruka juu kwa povu na kishindo, yakatulia upande wa pili yakiwa yamenenepa kama mara nne. Wahandisi huita hali hiyo mruko wa maji. Mtu aliyewahi kusimama chini ya maporomoko madogo ya mito ya Kilimanjaro ameuona mara nyingi. Nami nilipokuwa nikitazama lile povu nyuma ya kioo, niliwaona bibi na baba mdogo wamesimama kila mmoja upande wake.

Jioni hiyo niliifanya hesabu ya kwetu. Chukua sehemu ya mfongo wa Uru yenye upana wa sentimita 40, inayoshuka mita 1 katika kila mita 20, yenye mawe na udongo. Maji yakiwa na kina cha sentimita 10 tu, yanapita karibu lita 40 kila sekunde. Sasa chukua mfereji wa udongo wa tambarare, upana sentimita 60, unaoshuka mita 1 katika kila mita 500, umeota majani. Ili lita hizo hizo karibu 40 zipite, maji yanapaswa kujaa hadi sentimita 30. Bibi aliona maji mara tatu zaidi ya yake akaamini wa chini wameneemeka. Baba mdogo angepelekwa Uru angeona maji yanayotimka, akaamini wa juu wanachezea neema. Yalikuwa maji sawa.

Mlinganyo niliotumia ni wa Robert Manning, na maisha ya mtu huyo yalinigusa kuliko nilivyotarajia. Alizaliwa 1816, akafanya kazi Ireland, na hakuwahi kufundishwa uhandisi darasani. Aliingia katika kazi za kukausha ardhi oevu na kutengeneza mito mnamo 1846, wakati wa njaa kuu ya nchi ile, akajifunza akiwa kazini. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70 alipowasilisha mlinganyo wake kwa wahandisi wenzake wa Ireland mwaka 1889. Leo mifereji mingi duniani hubuniwa kwa mlinganyo unaobeba jina lake. Mlinganyo huo unasema mwendo wa maji unategemea mambo matatu: mteremko, umbo la mkato wa maji, na kigezo kimoja cha ukwaruzo kinachoandikwa kwa herufi n. Mteremko umewekwa na mlima. Umbo limewekwa na aliyechimba. Kigezo cha ukwaruzo kinawekwa na anayeutunza mfereji, na kinabadilika kila mwezi.

Zege laini lina kigezo cha kama 0.013 hadi 0.015. Udongo uliosafishwa vizuri ni kama 0.022 hadi 0.03. Ukiacha majani yaote, kinafika 0.06 au zaidi, na kwa kuwa kigezo hiki hugawanya, kukiongeza maradufu ni kupunguza nusu ya maji yote kwa kina kile kile. Mfereji wa sentimita 60 niliousema hapo juu, ukiwa umefyekwa, ungepitisha lita 75 kwa sekunde mahali unapopitisha 38. Nusu ya mto imezuiwa na majani. Kitabu cha Chow kina kurasa za picha za mifereji, kila picha na kigezo chake, ili mhandisi alinganishe na mfereji ulio mbele yake. Mifereji ile ni ya Marekani. Nilitamani picha ya mfongo wa Uru wenye mizizi ya mgomba imeingia ukingoni, na ya mfereji wa Rau ya Kati siku ya kabla ya kusafishwa. Ndipo nilipoamua kwamba utafiti wangu utafanyika nyumbani.

Mlimani kuna maji ya mlinganyo, na Rau ya Kati kuna maji yenye wenyewe. Nilipofika na kipima-mwendo changu chenye propela, wakulima walinikaribisha kwa heshima lakini wakabaki mbali kidogo, kwa sababu mtu mwenye chombo asichokielewa mkulima mara nyingi huja na uamuzi uliokwisha kufanywa. Kwa hiyo nilianza kupima kwa namna ambayo kila mmoja angeweza kuirudia bila mimi. Tulipima mita 10 za mfereji ulionyooka kwa tepu, tukatupa chungwa majini, tukalifuatilia kwa saa ya simu. Chungwa ni kipimo kizuri, kwa sababu sehemu yake kubwa imezama na upepo haulisukumi. Mwendo wa juu ya maji ni mkubwa kuliko wa chini, kwa hiyo tunachukua kama sehemu 8 kati ya 10 za mwendo wa chungwa, kisha tunazidisha kwa upana na kina. Chungwa likitumia sekunde 40 katika mfereji wa sentimita 60 wenye maji ya sentimita 30, yanapita kama lita 36 kwa sekunde. Hesabu hiyo iliandikwa mchangani kwa kijiti, na kina mama waliokuwa wakipalilia walikuja kuitazama.

Waliponiuliza kwa nini kina peke yake hakitoshi, niliwaambia wafikirie kituo cha mabasi. Basi kujaa hakukuambii ni abiria wangapi wamesafiri leo. Lazima ujue pia mabasi yanapita kila baada ya muda gani. Mfano huo ulitosha. Tangu hapo sikuulizwa tena, na wengine wakawa wanawaeleza wenzao.

Kisha ikaja siku ya msaragambo. Kila kaya ilitoa mtu, majembe na mafyekeo yakashuka kwenye mfereji, matope na majani yakatolewa ukingoni. Maji yalipofunguliwa, wale wa mwisho wa mfereji walifurahi, lakini wa katikati walikuja juu. Kina kilikuwa kimeshuka. Mzee mmoja aliyelima hapo tangu skimu ianze alisema waziwazi kwamba tumefanya kazi ya kuyapoteza maji. Tulichukua chungwa. Kina kilikuwa kimetoka sentimita 30 hadi kama 18, na chungwa lililokuwa likitumia sekunde 40 sasa lilitumia kama 23. Tukazidisha mbele ya wote, na jibu likawa kama lita 38. Maji hayakupungua hata kidogo. Yalikuwa yameacha kusimama kwenye majani, yakawa yanakwenda.

Mzee yule hata hivyo alikuwa na hoja ambayo haimo katika mlinganyo wa Manning, na ilinifundisha mengi. Maji yaliposhuka hadi sentimita 18, matundu ya kuingizia maji kwenye majaruba yake yalibaki juu ya uso wa maji. Kwake yeye kina kilikuwa na maana, kwa sababu maji hayapandi yenyewe kuingia shambani. Mfereji safi unahitaji vizuizi vya mbao au geti mahali pake, vya kuinua maji wakati wa zamu ya kila mmoja na kuyaachia baadaye. Kusafisha bila vizuizi kunawanufaisha wa mwisho na kuwaumiza wa katikati. Baada ya kikao kirefu, walikubaliana mbao zichomekwe kwa zamu, na mwenye zamu azitoe mbele ya anayefuata.

Hapo nilirudi kwenye jambo lingine la darasani ambalo nilikuwa nimelisoma kama nadharia tupu. Wimbi dogo juu ya maji linasafiri kwa mwendo unaotegemea kina: katika sentimita 30 ni kama mita 1.7 kwa sekunde, katika sentimita 10 ni kama mita 1. Kwenye mfereji wa tambarare maji yanakwenda pole kuliko wimbi, kwa hiyo ukiziba mfereji chini, habari inapanda. Maji yanajaa nyuma, na wa juu yako anajua umeziba. Tupa kokoto, utaona viduara vikisogea juu dhidi ya mkondo. Kwenye sehemu za Uru zenye mwinuko mkali kuliko ule niliouhesabu, maji yanakwenda haraka kuliko wimbi. Kokoto haipelekei juu habari yoyote. Lolote linalotokea chini, hata mfereji ukauke, maji ya juu hayawezi kulisikia.

Kwa muda mrefu nilikuwa nimesikia wa chini wakisema kwamba wa juu hawajali. Fizikia ilinionyesha sababu iliyo karibu zaidi. Mteremko wenyewe unakata habari. Kati ya jirani na jirani wa tambarare, maji yanapeleka ujumbe. Kati ya Rau ya Kati na Uru, ujumbe lazima ubebwe na mtu anayepanda kwa miguu au kwa gari. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 iliweka nafasi ya jumuiya za watumia maji, na Bonde la Pangani lilikuwa na ofisi yake tangu 1991, kabla ya mabonde mengine nchini. Kazi kubwa ya vyombo hivyo, kwa jinsi ninavyoielewa, ni kuwa lile wimbi linalopanda mlima ambalo maji hayawezi kulitoa.

Skimu ya Lower Moshi yenyewe inaonyesha gharama ya kukosa wimbi hilo. Ilijengwa kwa mkopo wa Japani, ikakamilika 1987, ikakusudiwa kumwagilia hekta 2,300, ambazo takribani 1,100 ni za mpunga. Aina ya mpunga ya IR54 ilitoa zaidi ya tani 6 kwa hekta, mavuno ambayo hayakuwahi kuonekana pande hizi, na kituo cha mafunzo cha Chekereni kikafundisha wakulima wa mikoa mingine. Mafanikio hayo yalionekana na majirani. Wakulima wa maeneo ya juu ya mabanio, yaani vizuizi vya mtoni vinavyoingiza maji mferejini, nje ya skimu, walianza nao kuotesha mpunga kwa maji ya mto ule ule, na eneo la mpunga ndani ya skimu likapungua kwa sababu maji hayakutosha. Hakuna aliyefanya jambo la ajabu. Mfereji ulibuniwa kwa hesabu nzuri ndani ya mipaka yake, lakini mto haukuwa na mipaka hiyo, na aliyekuwa juu hakuwa sehemu ya hesabu. Chini zaidi kuna mashamba ya miwa ya kampuni ya TPC, bwawa la Nyumba ya Mungu lililokamilika 1965, na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Wote wanasubiri maji yanayotoka mlima huu.

Wazee waliochimba mifongo walilijua hili kwa njia yao. Mabanio yao yalikuwa ya mawe, matawi na magome ya migomba, nayo yalivuja. Mhandisi kijana akiyaona anatamani kuyaziba kwa zege. Lakini kuvuja huko ndiko kulikomwachia wa chini sehemu yake hata wakati wa kiangazi, bila mkutano wala geti. Banio la zege lisilovuja linampa wa juu uwezo wa kuchukua mto wote kwa kufunga geti moja. Huko Usangu, kwenye nyanda zinazolisha Mto Ruaha Mkuu, tumeona mabanio ya kisasa yakiongezeka na mashamba ya mpunga yakipanuka, na tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sisemi turudi kwenye magome ya migomba. Nasema banio la zege linapojengwa, ule uvujaji uandikwe kwenye mchoro kama tundu lisilofungika, lenye kipimo kilichokubaliwa na wa chini.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, huko huko Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Nilifurahi, na nilifikiri juu ya wale waliouendesha bila kalamu: waliochagua mteremko wa mfongo kwa jicho na kwa maji yenyewe, usiwe mkali ukamomonyoa kingo wala mlegevu ukajaza mashapo, waliohifadhi maji ya usiku katika nduwa, yaani mabwawa madogo, waliogawa zamu na kuwatoza faini waliokosa kazi ya kusafisha. Ukiusoma mlinganyo wa Manning ukijua historia hiyo, unaona kwamba kigezo cha ukwaruzo ni kumbukumbu ya kazi ya pamoja. Kijiji kinachofanya msaragambo kinaandika namba ndogo. Kijiji kilichogombana kinaandika namba kubwa, na mavuno yanasomeka kutoka humo.

Pasua nako tuna mifereji ya wazi, ingawa hatuiiti hivyo. Ni mitaro ya barabarani. Masika, mvua ikinyesha juu usiku, maji yanateremka kwa mwendo mkubwa hadi yanapofika kwetu, ambako mteremko unalegea. Hapo lazima yanenepe, kama yalivyonenepa kwenye mfereji wa kioo. Mtaro uliobuniwa kwa zege safi ukijaa mchanga, chupa na taka za soko, uwezo wake unakatika nusu, na nusu ile nyingine inaingia majumbani. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ilisaidia, lakini chupa zimebaki. Naamini kusafisha mitaro mwezi Februari, kabla ya masika, ni kazi ya kihandisi sawasawa na kujenga mtaro mpya, na inastahili bajeti na heshima ile ile. Tunapoiita kazi ya usafi tu, tunaiacha iwe ya mwisho.

Haya yote yamenipa mambo matatu ninayoyashikilia. La kwanza, mgogoro wa maji usianze kuamuliwa kabla kiasi hakijapimwa, na kipimo kichukuliwe mbele ya pande zote. Mahali mfereji unapogawanyika, kizingiti cha bati chenye mkato wa pembetatu ya nyuzi 90 kinatosha. Maji yakipanda sentimita 10 juu ya ncha ya mkato, yanapita kama lita 4 kwa sekunde. Yakipanda sentimita 20, yanapita karibu 25. Kina kimeongezeka mara mbili, kiasi zaidi ya mara tano. Kando ya kizingiti hicho ubandikwe ubao wa lita, usomwe na kila apitaye, nao uchukue nafasi ya kijiti cha alama za kisu.

La pili, anayesoma somo hili asidhani milinganyo inamtosha. Mfaransa Saint-Venant aliandika milinganyo ya mtiririko unaobadilika mwaka 1871 na kompyuta leo inaitatua kwa dakika chache, lakini kompyuta inaomba kigezo cha ukwaruzo, na kigezo hicho kiko mfereji ulipo, mikononi mwa wanaoufyeka. Mwanafunzi akipange kikao na wakulima katika ratiba yake ya utafiti kama anavyopanga maabara.

La tatu, elimu ya maji inayolipiwa na nchi irudishwe kwa lugha ambayo mkulima ataibishania. Nilipomweleza baba mdogo hesabu ya lita 40 kwa Kiswahili, alinyamaza, kisha akadai tupande Uru naye akapime mwenyewe. Tulipanda. Alitupa chungwa kwenye mfongo wa mama yake, akalikimbilia, akahesabu, na jioni walizungumza juu ya zamu za usiku na nani azifunge nduwa saa ngapi. Hawakukubaliana kila jambo. Lakini walibishana juu ya lita, na jambo lenye lita linaweza kugawanywa.

Kijana wa Pasua akiniuliza kama masomo haya yanamfaa mtu wa kwetu, namwambia ayafuate hadi mwisho, na likizo ya kwanza tu arudi na tepu, saa na chungwa, aombe nafasi katika mkutano wa watumia maji, na apime kabla hajasema neno.